Karte ya Noeli yenye Huzuni: Ni Laana ao ni Maombi?



Swali tunalotaka kulichunguza pamoja nanyi katika ukurasa huu linaonekana dogo, lakini lisipojibiwa vizuri linaweza kumtoa mtoto katika nyumba anamolala. Mtu akikusalimia siku ya sikukuu kwa maneno ya huzuni, je, amekukosea? Ana haki ya kukuletea machozi wakati wengine wanaleta furaha? Na wewe uliyepokea salamu hiyo, uisome namna gani?

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Desemba uliopita jirani yetu, mama mjane aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi na ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu, alitutumia karte ya Noeli. Aliyeileta ni mjukuu wake, binti wa miaka kumi, ambaye ndiye peke yake aliyebaki naye katika lupango. Karte ilikuwa ya zile zinazouzwa mjini: mti wa kijani, kengele mbili, na theluji, ambayo hapa Lubumbashi hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Ndani mlichapwa maneno ya Kifaransa ya kututakia Noeli ya furaha na mwaka mpya wenye mafanikio. Mama Mwalimu alikuwa amepitisha mstari juu ya neno la furaha, mstari mmoja ulionyooka, wa rula, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Chini yake aliandika kwa mkono wake: "Kwetu viti vitatu vimebaki bila watu. Sina Noeli ya kuwapa. Mungu awakumbuke siku mtakapobaki peke yenu." Kisha jina lake kamili.

Viti vitatu ni mume wake na vijana wake wawili. Amewazika wote katika muda wa miaka minne.

Wageni waliokuwa kwetu siku ile waliisoma karte, na kufika jioni avenyu nzima ilikuwa na habari. Lakini sentensi ya mwisho ilikuwa imekwisha kubadilika midomoni. Ndugu msomaji, angalia vizuri: mama aliandika "Mungu awakumbuke siku mtakapobaki peke yenu", avenyu ilisema "mtabaki peke yenu". Maneno matatu ya mbele yamekatwa, na maombi yamegeuka kuwa hukumu. Mmoja akasema ametulaani. Wa pili akauliza kwa nini aliandika kwa kalamu nyekundu. (Mwalimu ataandika kwa kalamu gani, kama si ile iliyobaki katika mkoba wake?) Wa tatu alianza kuhesabu waliokufa katika ule lupango, na akauliza: sasa nani amebaki mzima? Aliyebaki mzima ni mtoto. Kila mtu aliyekaa katika miji yetu anajua mazungumzo ya namna hiyo yanaelekea wapi. Neno "mulozi" halikutamkwa siku ile, lakini lilikuwa limekwisha kuvutiwa kiti.

Tuanze na hofu hiyo, kwani mtu mwenye hofu hawezi kusoma hata barua fupi. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake kule N'kamba tarehe 6 Aprili 1921, moja ya mambo ya kwanza yaliyoonekana na watu wote ni fetishi zilizotupwa. Watu walizitoa majumbani na kuziacha. Walikuwa wanajua kama sisi kwamba ubaya uko duniani, na kwamba kuna watu wenye roho mbaya. Lakini walisadiki kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono hakina mamlaka juu ya mtu wa Mungu. Je, sisi tunaojiita watoto wao katika imani tutetemeke mbele ya karatasi yenye mti wa kijani? Anayeogopa kitu amekipa nguvu. Ameokota njiani kile ambacho babu yake alikitupa.

Kuhusu watoto, hata sheria ya nchi imekwisha kusema. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa ni mchawi. Tunaitaja hapa ili asiwepo wa kusema hakujua. Lakini sheria mara nyingi inafika nyuma. Mtoto akiisha kulala usiku wa kwanza chini ya meza za soko, karatasi ya tribinali haiwezi kumrudishia usiku ule.

Sasa turudi kwa swali la kwanza: kuleta huzuni siku ya sikukuu ni kosa? Ndugu mmoja mwenye kujua Maandiko alitujibu kwamba ni kosa, na hakujibu ovyo. Alitufungulia kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Watu waliposikia sheria ya Mungu ikisomwa walianza kulia, na Nehemia pamoja na Ezra na Walawi wakawakataza: siku ile ni takatifu, wasihuzunike. Ndugu yetu akafunga Biblia na kusema: basi mama angengojea sikukuu ipite.

Hoja hiyo ina nguvu na hatutaki kuikwepa. Lakini ndugu yetu aliifunga Biblia mapema kidogo. Kwanza, watu wale walilia juu ya makosa yao, hawakulia juu ya maiti zao. Na hakuna mahali katika sura ile ambapo mjane anaambiwa anyamaze. Tena mstari wa 10 hauishii kwenye katazo. Walioambiwa wasilie ni hao hao walioambiwa waende kula vinono na kuwapelekea sehemu wale wasiotengenezewa kitu. Maana yake, katazo la kulia lilitoka pamoja na sahani. Sisi siku hizi tumelichukua katazo na kuiacha sahani mezani kwetu. Tunamwambia aliyefiwa, "Mama, leo ni sikukuu, jikaze," kisha tunarudi kwa bukari yetu na nyama yetu. Mwenye kutaka kumtumia Nehemia dhidi ya Mama Mwalimu, aonyeshe kwanza alichompelekea.

Lakini kuna mwanamke mwingine katika Biblia anayetufaa zaidi, na mji wake ni ule ule wa Noeli, Betelehemu. Ni Naomi. Aliondoka Betelehemu wakati wa njaa pamoja na mume wake Elimeleki na vijana wawili, Maloni na Kilioni (jina ambalo kwa masikio yetu tayari ni msiba). Wote watatu walifia katika inchi ya Moabu. Viti vitatu. Aliporudi, mji wote ulitaharuki na wanawake wakatoka kumpokea, wakiuliza kama kweli ndiye Naomi. Kulikuwa ni mwanzo wa mavuno ya shayiri, wakati ambao kila mtu ana furaha na chakula. Naye aliwajibu namna gani? Aliwaambia wasimwite tena Naomi, jina lenye utamu, bali wamwite Mara, yaani uchungu, kwa sababu aliondoka amejaa na Mungu amemrudisha mikono mitupu. Hiyo ndiyo salamu aliyowapa wanawake waliokuja kumkaribisha. Alilipitisha mstari jina lake mwenyewe.

Ukisoma Ruti sura ya 1 hutakuta mwanamke hata mmoja wa Betelehemu aliyesema, "Huyu ametuletea balaa ya Moabu." Wangeweza kusema. Alirudi na mgeni wa kabila lingine, kijana mjane, na wanaume watatu walikuwa wamekufa nyuma yao. Katika avenyu zetu Ruti asingemaliza wiki mbili. Lakini wao walisikia uchungu wa mwenzao na wakauacha ukae. Kisha nenda sura ya 4: Ruti alipozaa mtoto, ni wanawake wale wale waliokuja kumbarikia Naomi, na mstari wa 17 unasema ni wao majirani waliompa mtoto jina, Obedi. Huyo ni babu wa Daudi, na Mathayo amemwandika katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Wandugu, majirani wana uwezo wa kumpa mtoto jina. Wale wa Betelehemu walimwita Obedi. Wetu walikuwa wanatafuta la kumwita yule binti, na tunajua ni jina gani lililokuwa tayari mdomoni.

Tufike sasa kwa sentensi yenyewe, kwani wengine wanakubali yote tuliyosema lakini bado wanasema: huzuni yake sawa, lakini kwa nini atuguse sisi? Kwa nini aseme "siku mtakapobaki peke yenu"?

Mtu akiisoma polepole ataona kwamba neno la kwanza ni Mungu, na la pili ni ombi. Siku inayotajwa, hakuna anayeitengeneza kwa kuitaja. Mume na mke wanaolala nyumba moja, mmoja wao atamzika mwingine, isipokuwa waondoke siku moja, jambo ambalo hakuna anayelitamani. Hii si laana, ni hesabu, na mwalimu anajua hesabu. Kila mwaka, Noeli na Bonane, tunaombewa mali, afya, watoto, safari, kazi. Ni nani aliyewahi kutuombea kwa ajili ya asubuhi ile ambayo tutaamka na kitanda kiwe kikubwa? Hapana mtu, kwa sababu hakuna anayethubutu kuitaja. Mama aliyethubutu ni yule ambaye asubuhi hiyo imekwisha kumfikia, na anajua mtu anahitaji nini siku ile: kukumbukwa. Alituombea kitu ambacho yeye anakikosa.

Simeoni pia alifanya hivyo hekaluni. Alimchukua mtoto mikononi, akawabariki wazazi, na katika saa ile ile ya baraka akamwambia Maria kwamba upanga utapita katika roho yake (Luka 2:34-35). Neno zito sana kwa mama mwenye mtoto wa siku arobaini. Maria hakuondoka kwenda kuuliza nani amemtuma yule mzee. Luka anatueleza kwamba alikuwa mwanamke mwenye kuyaweka mambo moyoni mwake.

Hatusemi kwamba kila karatasi ya giza ni ya Mungu. Kuna watu wanaoandika kwa kutaka kuumiza, na kuna wanaotisha ili waitwe, walipwe, wafanye maombi ya kufungua. Lakini hao kwa kawaida hawaweki jina. Hawamtumi mjukuu wao mchana, mbele ya watu, na nguo safi. Mwenye kutega mtego hasimami pembeni yake akipunga mkono.

Tena tujiulize kwa nini alitutumia sisi. Yeye si wa kanisa letu, anasali kwa Wametodisti. Na anajua vizuri kwamba kwetu Noeli ni tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Papa Dialungana Kiangani Salomon katika mwaka wa 1916, na kwamba tarehe 25 Desemba nyumba yetu haina mbuzi wala muziki. Wengine walicheka: hata tarehe amekosea. Sisi tunafikiri hakukosea. Siku ile katika avenyu yote kulikuwa na nyumba moja tu isiyokuwa na kelele. Mtu mwenye kilio anatafuta mahali ambapo hatamwagia maji moto wa mwingine. Kwa hiyo aliyemlaumu kwamba ameharibu sikukuu ya watu, ajue kwamba mama aliipita milango ya wote wenye sikukuu. Alikuja kwa wale ambao siku ile haikuwa yao.

Na karte yenyewe, kama kitu, ina historia inayostahili kujulikana. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichapwa London katika mwaka wa 1843. Bwana mmoja, Henry Cole, alikuwa na kazi nyingi na barua nyingi za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja yenye salamu moja, ili apeleke ile ile kwa wote. Zilichapwa karibu 1000. Katikati waliweka jamaa wakinywa divai, na pembeni picha mbili: mtu mwenye njaa anapewa chakula, na asiye na nguo anavikwa. Kulikuwa na waliolaumu juu ya ile divai, na sisi tusiokunywa pombe tunawaelewa. Lakini angalieni kwamba maskini waliwekwa pembeni, na kwamba karte ilibuniwa ili mtu asiandike. Leo tumeendelea mbele zaidi: kwa simu, kidole kimoja kinapeleka picha ya mshumaa kwa watu mia moja, na wote mia wanajibu "Amina" bila kujua nani amefiwa. Mama Mwalimu alikwenda mjini, akalipa, akashika rula, akakata neno moja lisilokuwa kweli, akaandika lililo kweli. Katika salamu zote za Desemba ile, ni yake tu ambayo isingeweza kupelekwa kwa nyumba nyingine.

Kanisa letu lingepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Papa Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba, kisha mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa zaidi ya kilometa 1500 kutoka kwao, hapa Elisabethville, mji wetu huu, na hapa alikufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni Desemba zilizopita akiwa mfungwa, kuanzia ile ya 1921 hadi ile ya 1950: ni thelathini. Nyumbani Mama Muilu Marie aliachwa na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa hajatimiza miaka minane. Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu na kutupwa kati ya watu ambao hawakujua lugha yao. Kila nyumba ya namna hiyo ilikuwa na kiti bila mtu, na jirani aliyeisalimia alihitaji moyo. Kisha serikali ya Wabelgiji ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959, siku moja kabla ya Noeli ya wengine. Lakini Mama Muilu alikuwa amekufa Aprili ya mwaka ule ule. Furaha tuliyoingojea miaka thelathini na nane iliingia ikakuta kiti kingine kitupu. Kama furaha yetu kubwa ilikuja hivyo, tunawezaje kumwambia jirani kwamba furaha na msiba havikai meza moja?

Wengine wametuuliza: basi mtu ajibu nini? Mezali 25:20 inatufundisha tusichopaswa kufanya: kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama kumvua nguo siku ya baridi. Kwa hiyo tuache ule mtindo wa kujibu huzuni kwa maneno mengi ya kutia nguvu, "Mungu ana mpango", "yatakwisha", "wewe ni mshindi". Sisi tulichukua karatasi ya daftari, hatukununua karte, na tuliandika majina matatu: la mume wake, la mkubwa, la mdogo. Baada ya kila jina tuliandika jambo moja tunalolikumbuka. Mume wake alikuwa akitengeneza redio za avenyu nzima na hakudai pesa kwa wazee. Kijana mkubwa alituazima ngazi, nayo mpaka leo iko kwetu. Mdogo alipenda kusimama kwenye uzio kusikiliza fanfare yetu ikifanya mazoezi, akipiga ngoma kwa vidole juu ya bati. Basi. Hatukuongeza mstari wa Biblia, kwani anaijua kutushinda. Tulipeleka sisi wenyewe, pamoja na unga na sombe, na tulikaa. Waroma 12:15 inasema tulie na wanaolia, haisemi tuwahubirie. Karibu saa moja hakuna aliyesema kitu cha maana. Mama alisoma karatasi, akaikunja, akasema kwamba katika jina la mdogo tumekosa herufi moja. Akaisahihisha.

Ngazi tumeirudisha.

Kuhusu yule binti, yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi na anateka maji pamoja na watoto wetu. Siku ya Noeli yetu, tarehe 25 Mei, alikuja na bibi yake wakakaa mstari wa tatu, na watu wa avenyu waliwaona pale. Mashemasi wa parokia tumekubaliana neno moja, na tunalitangaza hapa ili lisomwe: yeyote mwenye kitu cha kusema juu ya mtoto huyo asikisemee kwenye bomba la maji wala kwenye kilio cha watu. Aje kwetu kwanza, mchana, na aandike jina lake chini, kama bibi yake alivyoandika lake.